Kikundi kama Tiba, Kikundi kama Taasisi: Uhakiki wa Kazi za Vikundi kwa Ustawi wa Akili wa Vijana Balehe Wanaoishi katika Mazingira Magumu Wilayani Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera

IKISIRI

Uhakiki huu unachunguza maandiko yanayotetea kazi za vikundi kama njia ya kukuza ustawi wa akili wa vijana balehe wanaoishi katika mazingira magumu. Maandiko hayo yanasomwa kwa kuzingatia hali ya wilaya za Karagwe na Kyerwa. Tafiti zilizohakikiwa zilifanyika Rakai, Masaka, Mbarara na Gulu nchini Uganda, Moshi na Muleba nchini Tanzania, na Bungoma na kwingineko nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba ushahidi wa vikundi kupunguza dalili za sonona, wasiwasi na majonzi unatosha kuaminiwa. Hata hivyo, ushahidi huohuo unaonesha kuwa matokeo hutofautiana kwa jinsia, kwa eneo na kwa muda, na kwamba chanzo cha tofauti hizo kwa sehemu kubwa hakimo ndani ya vikao. Kwa hiyo, kikundi kinachokusudiwa kwa vijana wa Karagwe na Kyerwa hakina budi kubuniwa na kutathminiwa kama taasisi ya kijijini yenye uhusiano na kaya, shule, ardhi na sheria, badala ya kuwa mfululizo wa vikao vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha.

1.0 Utangulizi

Shirika la Afya Duniani hulihesabu rika balehe kuwa ni miaka 10 hadi 19, na hukadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa rika hilo ana tatizo la afya ya akili. Makadirio hayo yamekuwa mlango wa kuingilia wa tasnifu nyingi za elimu ya jamii, ualimu na ustawi wa jamii katika Afrika Mashariki. Kwa kawaida hatua inayofuata ni hii: wataalamu wa afya ya akili ni wachache, hospitali ziko mbali, kwa hiyo kikundi kinachoongozwa na mtu asiye mtaalamu ndiyo njia inayowezekana. Hoja hiyo ni sahihi kiuchumi. Inapungukiwa pale inapoligeuza jambo linalowezekana kuwa jambo lililothibitishwa.

Uhakiki huu haukusudii kubeza kazi za vikundi. Unakusudia kuuliza ni kitu gani hasa kimethibitishwa, kwa nani, kwa muda gani, na kwa kulinganishwa na nini. Maswali haya yana uzito wa kiutendaji. Tasnifu inayohitimisha kwamba kikundi kinafaa inaweza kusomwa na mpangaji wa halmashauri kama ruhusa ya kutoa vikao kumi mahali palipohitaji afisa ustawi wa jamii, ada ya shule au utetezi wa kisheria. Gharama ya hitimisho legelege hailipwi na mtafiti wala na mtahini. Inalipwa na mtoto aliyeahidiwa msaada.

2.0 Mandhari ya Karagwe na Kyerwa

Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya kamili mwaka 2012. Wilaya hizi mbili ziko magharibi mwa Mkoa wa Kagera, zikipakana na Rwanda, na Kyerwa ikipakana pia na Uganda upande wa Murongo. Wakazi wengi ni Wanyambo, lakini mipaka imeleta mchanganyiko wa wasemaji wa Kinyambo, Kihaya, Kinyankole na Kinyarwanda. Uchumi wa kaya umejengwa juu ya migomba, maharage na kahawa. Shamba la kaya, yaani kibanja, ni chakula, ni akiba, ni kaburi la wazazi, na ndilo jambo linalogombewa zaidi baada ya kifo.

Mambo matatu ya kihistoria yanahitajika ili kuelewa maana ya mazingira magumu katika eneo hili. La kwanza ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walipatikana Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baadaye mkoa huo ulilea kizazi cha mayatima mikononi mwa bibi na babu. La pili ni ukimbizi wa mwaka 1994, ambapo Karagwe ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda hadi waliporudishwa mwishoni mwa mwaka 1996. La tatu ni utegemezi wa zao moja la fedha. Katika kaya isiyo na akiba, kahawa inaweza kuuzwa ingali mtini kwa bei ya kutupa, mtindo unaojulikana kwa jina la butura ambao serikali imekuwa ikiupiga vita. Kahawa ikishauzwa hivyo, msimu wa mavuno hauleti kitu, na anayekatishwa masomo kwa kawaida ni mtoto asiye na mtetezi.

Kagera ina bahati ya kuwa mojawapo ya maeneo yaliyofuatiliwa kwa makini zaidi barani Afrika. Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera ulianza mwaka 1991 kwa zaidi ya kaya 900, na watu wa kaya hizo walitafutwa tena mwaka 2004 na 2010. Kwa kutumia takwimu hizo, Beegle, De Weerdt na Dercon (2006) walionesha kwamba mtoto aliyefiwa na mama akiwa mdogo alifikia utu uzima akiwa na upungufu wa takribani sentimeta 2 za kimo na takribani mwaka mmoja wa masomo. Matokeo hayo yanasema jambo muhimu kwa mhakiki wa afya ya akili, ingawa hayakulenga afya ya akili. Yanaonesha kuwa madhara ya kufiwa hudumu kwa miongo, na kwamba hupitia katika chakula na shule. Njia yoyote ya kusaidia inayodumu kwa wiki kumi inapaswa kusomwa mbele ya kipimo hicho cha muda.

3.0 Ushahidi wa ufanisi na mipaka yake

3.1 Rakai na Masaka: nguvu ya kikundi linganishi

Utafiti unaonukuliwa mara nyingi zaidi ulifanywa na Bolton na wenzake (2003) katika wilaya za Rakai na Masaka, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini wa Kagera. Vijiji 30 vilishirikishwa, na watu wazima wenye dalili za sonona walikutana katika vikundi vya jinsia moja kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Waliobainika kuwa na sonona katika vikundi walipungua kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5. Nafuu hiyo ilionekana kudumu hata baada ya miezi sita.

Takwimu hiyo ndiyo inayonukuliwa. Isiyonukuliwa ni ya upande wa pili: katika vijiji visivyopewa vikundi, sonona ilipungua pia, kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7. Yaani takribani watu wanne kati ya kumi walipata nafuu bila vikao. Tofauti kati ya pande mbili ilibaki kuwa kubwa na ya kuaminika, na ndiyo sababu utafiti huo unastahili sifa yake. Lakini laiti watafiti wangepima kikundi kimoja tu, kabla na baada, wangekipa kikundi sifa ambayo sehemu yake si yake.

3.2 Gulu: wavulana ambao vikao havikuwafikia

Njia hiyohiyo ilipelekwa kwa vijana wa miaka 14 hadi 17 katika kambi mbili za waliohamishwa na vita, Gulu, kaskazini mwa Uganda (Bolton na wenzake, 2007). Vijana 314 waligawanywa katika makundi matatu: waliopata vikundi vya mazungumzo kwa wiki 16, waliopata michezo ya ubunifu, na waliosubiri. Vikundi vya mazungumzo vilipunguza sonona kwa wasichana kwa kiwango cha kuaminika. Kwa wavulana, matokeo hayakufikia kiwango hicho. Michezo ya ubunifu haikuonesha athari kwa sonona.

Maandiko mengi hulitaja tokeo hili kwa sentensi moja na kuendelea. Mhakiki hawezi kuendelea haraka hivyo, kwa sababu linagusa misingi ya njia yenyewe. Kikundi cha mazungumzo kinadai mshiriki aseme mbele ya wenzake kwamba ameshindwa, ameonewa au anaogopa. Karagwe na Kyerwa, kama kwingineko, mvulana wa miaka 16 aliyebaki na wadogo zake huitwa mwenye nyumba na hutarajiwa kunyamaza kama mwenye nyumba. Kumwalika katika duara la kusimulia huzuni bila kumpa jukumu jingine katika duara hilo ni kumwomba avue heshima pekee aliyonayo. Hilo halithibitishi kwamba wavulana hawahitaji vikundi. Linadokeza kwamba huenda wanahitaji kikundi kinachoanza na kazi ya mikono, akiba au ulinzi wa wadogo, na mazungumzo yaje ndani ya kazi hiyo.

3.3 Mbarara: kikundi au dawa?

Kumakech na wenzake (2009) walifanya jaribio la nasibu katika shule za msingi 20 wilayani Mbarara, wakishirikisha mayatima 326 wa miaka 10 hadi 15 waliofiwa kwa UKIMWI. Mayatima waliokuwa katika vikundi vya rika vilivyoongozwa na walimu kwa wiki kumi walipungukiwa na sonona, hasira na wasiwasi kuliko wenzao. Mtazamo wao kuhusu nafsi zao haukubadilika kwa kiwango cha kuaminika.

Kwa mtafiti wa Karagwe, utafiti huu unavutia kuliko yote, kwa kuwa mandhari, rika na aina ya shida vinakaribiana. Lakini una tatizo moja la usanifu. Watoto waliokuwa katika vikundi walipata pia uchunguzi na matibabu ya kimwili kila mwezi. Mtoto anayetibiwa minyoo, malaria au vidonda hulala vizuri na husoma vizuri. Hivyo tokeo ni la vikundi pamoja na matibabu. Kulinukuu kama tokeo la vikundi peke yake ni kosa, na ni kosa lenye madhara, kwa sababu katika kubana matumizi kitu cha kwanza kuondolewa ni dawa.

3.4 Moshi na Bungoma: nafuu inayotegemea eneo

Ushahidi mpana zaidi kwa watoto wa Tanzania unatokana na kazi ya Dorsey na wenzake (2020) iliyofanyika Moshi na Bungoma, mijini na vijijini. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote, walishiriki. Waliopata tiba ya majonzi walikutana katika vikundi kwa vikao 12 vilivyoongozwa na wanasihi wasio wataalamu, na kuongezewa vikao vichache vya mtu mmojammoja. Mwishoni mwa vikao, tiba hiyo ilishinda huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka mmoja, ubora huo ulibaki Kenya. Tanzania, watoto wa pande zote mbili walikuwa wamepata nafuu inayolingana.

Tokeo la Tanzania linaweza kusomwa kwa njia mbili. Msomaji mwenye haraka atasema tiba ilishindwa. Msomaji makini atauliza ni kitu gani katika mazingira ya watoto wa Moshi kilichowainua hata wale ambao hawakupata vikao: shule, ndugu, jumuiya za dini, au muda wenyewe. Swali la pili ndilo lenye faida. Kama yapo mambo nje ya vikao yanayoponya, basi kazi ya mbunifu wa kikundi ni kuyatambua na kuyatia nguvu, si kushindana nayo.

3.5 Nairobi: nani hayumo shuleni?

Utafiti wa Osborn na wenzake (2021) kuhusu njia iitwayo Shamiri ulishirikisha wanafunzi 413 wa sekondari nchini Kenya, wa miaka 13 hadi 18. Vikao vilikuwa vinne tu, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari, na vilihusu uwezo wa kukua, shukrani na maadili binafsi badala ya ugonjwa. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wanafunzi waliofundishwa mbinu za kujisomea. Uzuri wa njia hii ni wepesi wake na kuepuka kwake kumbandika kijana jina la mgonjwa. Mpaka wake uko wazi: inamfikia aliye darasani. Karagwe na Kyerwa, sehemu kubwa ya vijana ambao mazingira yao ni magumu kweli wako kwenye vibarua vya kahawa, kwenye machimbo ya matofali, kwenye pikipiki, au jikoni kwa ndugu wanakofanya kazi bila ujira. Waraka wa serikali wa Novemba 2021 uliwafungulia njia ya kurudi shuleni wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito, lakini kuruhusiwa na kurudi ni mambo mawili tofauti.

4.0 Kikundi kilichokuwa taasisi: funzo la Nshamba

Mfano ulio karibu zaidi na Karagwe hautoki katika majaribio ya nasibu. Unatoka Nshamba, wilaya ya Muleba, katika mkoa huohuo wa Kagera. Mradi wa Humuliza ulianza huko mwaka 1997, na jina lake kwa Kihaya lina maana ya kufariji. Mwaka 2000 mayatima wa rika balehe waliokuwa katika mradi huo waliunda jumuiya yao, Vijana Simama Imara, na baadaye wadogo wao wakawa na yao, Rafiki Mdogo. Clacherty na Donald walifanya tathmini ya athari za jumuiya hizo katikati ya muongo wa 2000, na uzoefu wa Humuliza ulichangia kuzaliwa kwa REPSSI, mtandao wa msaada wa kisaikolojia na kijamii kwa watoto wa mashariki na kusini mwa Afrika.

Tofauti kati ya Vijana Simama Imara na vikundi vilivyojadiliwa juu si ya mbinu za unasihi. Ni ya hadhi. Vikundi vya majaribio viliundwa na watafiti kwa muda maalumu. Jumuiya ya Nshamba ilikuwa ya wanachama wenyewe, wakijichagulia viongozi, wakiweka akiba na kutembeleana nyumbani. Mwanachama aliyepata shida hakuondoka kikaoni na ushauri tu. Aliondoka na wenzake. Jirani au ndugu aliyezoea kumwona yatima akiwa peke yake sasa alimwona akiwa na watu nyuma yake.

Funzo la pili la Nshamba linatoka Kwa Wazee, shirika lililoanza mwaka 2003 kuwapa bibi na babu walezi pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina ambalo kwa tafsiri ni chumvi, sabuni na viatu vya shule. Jina hilo ni uhakiki tosha wa maandiko mengi ya afya ya akili. Linamkumbusha mtafiti kwamba aibu ya kijana mara nyingi ina sura ya nguo chafu, na kwamba wasiwasi wa usiku mara nyingi ni hesabu ya chakula cha kesho. Kikundi kinachomfundisha kijana kupumua polepole wakati bibi yake hana chumvi kinamfundisha jambo jema kwa wakati usiofaa.

Hata hivyo, mfano wa Nshamba nao hauwezi kupokewa bila maswali. Tathmini zake hazikuwa na usanifu wa nasibu, na jumuiya iliyojengwa kwa fedha za nje hukabiliwa na swali la nani atabeba mzigo mfadhili akiondoka. Kinachoweza kuchukuliwa si mradi wenyewe bali kanuni: kikundi kiwe na uwezo wa kutenda nje ya duara lake.

5.0 Masuala manne ya kuhakiki

5.1 Jina na uteuzi

Kikundi cha mayatima kinachokutana kila Jumamosi chini ya mti mmoja kitapewa jina na kijiji kabla hakijajipa chenyewe. Katika eneo lenye historia ya UKIMWI, jina hilo laweza kuwa kovu jipya. Uteuzi unaochanganya vijana wenye shida na wasio nazo hupunguza hatari hiyo, lakini huleta nyingine: watoto wa wenyeviti huingia na watoto wa vibarua hubaki nje. Tasnifu inapaswa kueleza wazi nani alitengeneza orodha, kwa vigezo gani, na nani aliachwa.

5.2 Lugha ya huzuni

Kabla ya jaribio la Rakai na Masaka, watafiti waliwauliza wenyeji wanavyoitaja hali wanayoiona, wakapata majina mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, yaliyokaribiana na sonona bila kuwa sawa nayo. Ndipo vipimo vilipotengenezwa. Tasnifu nyingi za Tanzania hufanya kinyume: hojaji ya kigeni hutafsiriwa kwa Kiswahili sanifu, kisha hupelekwa kwa kijana ambaye nyumbani huzungumza Kinyambo. Neno sonona ni zuri katika kamusi na katika jopo la watahini. Kijana wa Nkwenda au Nyaishozi anaweza kulijibu bila kulijua, naye mtafiti akahesabu jibu hilo kuwa takwimu. Kazi ya kukusanya msamiati wa Kinyambo wa majonzi, hofu na kukata tamaa ingekuwa mchango wa kitaaluma wenye thamani kuliko hojaji kumi zilizotafsiriwa.

5.3 Ridhaa na siri

Kanuni za maadili ya utafiti zinataka mlezi aridhie kwa niaba ya aliye chini ya miaka 18, na kijana mwenyewe akubali. Kanuni hiyo inadhani mlezi yuko upande wa mtoto. Tuchukue mfano wa kufikirika wa binti wa miaka 15 anayeishi kwa baba mdogo anayelima kibanja cha marehemu baba yake. Huyo baba mdogo ndiye anayeombwa saini, na ndiye ambaye binti atamtaja kikaoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya haki kutokana na mali ya mzazi wake. Mahakama Kuu, katika uamuzi wa mwaka 1990 uliohusu ardhi ya ukoo ya Wahaya, ilishatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi aliyorithi inakinzana na haki za msingi. Sheria ipo. Kikundi kinachopokea siri ya binti huyo bila kuwa na njia ya kumfikisha kwa afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi au baraza la ardhi kimemfanya afungue jeraha na kumrudisha nalo nyumbani.

Siri nayo ina mipaka yake kijijini. Washiriki wa duara moja ni binamu, majirani na wanafunzi wa darasa moja. Ahadi ya kutotoa nje yanayosemwa haiwezi kubeba uzito uleule unaobebwa na mnasihi wa hospitalini. Kwa hiyo mambo mazito ya ukatili yanastahili kikao cha faragha, kama ilivyofanyika kwa kiasi fulani Moshi. Programu ya Sauti ya Vijana, iliyobuniwa Moshi kwa vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI, inaonesha njia moja: vikao kumi vya kikundi, viwili kati yake pamoja na walezi, na viwili vya mtu mmojammoja.

5.4 Baada ya kikao cha mwisho

Kijana aliyefiwa amekwisha kuzoea watu wanaoondoka. Kikundi kinachoondoka naye baada ya wiki kumi, bila maandalizi, kinarudia somo alilokwisha kulijua. Maandiko hutoa nafasi kubwa kwa kikao cha kwanza na karibu hayasemi lolote kuhusu cha mwisho. Kwa Karagwe na Kyerwa, kalenda ya kikundi isifuate mwaka wa fedha wa mfadhili. Ifuate mvua, mavuno ya kahawa na mihula ya shule, na tangu mwanzo ijulikane kikundi kitahamia wapi: kwenye akiba na mikopo ya vijana, kwenye baraza la watoto la kata, au kwenye klabu ya shule iliyo wazi kwa wasio wanafunzi.

6.0 Maana kwa tafiti zijazo

Hoja zilizotangulia zinaleta madai matatu kwa mtafiti na kwa mtahini. Kwanza, usanifu wa kikundi kimoja kilichopimwa kabla na baada usikubaliwe kuwa uthibitisho wa ufanisi. Rakai na Moshi zimeonesha jinsi nafuu inavyoweza kuja bila vikao. Mtafiti asiye na uwezo wa jaribio la nasibu anaweza kutumia orodha ya wanaosubiri, au kuandika uchunguzi wa kina wa kitaamuli usiodai kupima ufanisi.

Pili, alama za dalili ziandamane na viashiria vya maisha: mahudhurio shuleni, milo, makazi, umiliki wa kibanja, na idadi ya watu wazima ambao kijana anaweza kuwaendea usiku. Viashiria hivyo hupimika kwa gharama ndogo, na ndivyo vinavyoeleza kwa nini alama za wawili waliokaa kikao kimoja zinatofautiana.

Tatu, matokeo yaripotiwe kwa jinsia na kwa hali ya masomo hata pale idadi ya washiriki ni ndogo. Wastani unaowafunika wavulana wasiopata nafuu, au wasichana walioacha kuja baada ya kikao cha tatu, unafunika hasa wale ambao utafiti ulikusudiwa kwa ajili yao. Ajenda ya kitaifa ya kuwekeza katika afya na maendeleo ya vijana balehe iliyozinduliwa mwaka 2021 inaweka pamoja virusi vya UKIMWI, mimba, ukatili, lishe, shule na stadi za kiuchumi. Utafiti unaolitenga suala la akili na mengine yote unakuwa nyuma ya sera, ilhali ulipaswa kuwa mbele yake.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba vikundi vinasaidia, na kwamba msaada wao una masharti. Ushahidi wa Uganda, Kenya na Tanzania, ukisomwa na takwimu zake zote, unaelekeza macho kwenye yale yanayokizunguka kikundi: matibabu yaliyoandamana nacho, jinsia ya washiriki, mahali walipo, na mambo yanayoponya yenyewe kijijini. Mfano wa Nshamba umeongeza kwamba kikundi huwa na nguvu ya kudumu kinapokuwa cha vijana wenyewe na kinapotambuliwa na wale wenye mamlaka juu ya maisha yao.

Kwa hiyo kipimo kinachopendekezwa kwa Karagwe na Kyerwa ni hiki. Anapotaka kujua kama kikundi kimefaa, mtafiti asiishie kumuuliza kijana anajisikiaje siku ya kikao cha mwisho. Arudi baada ya mavuno mawili, aulize anaishi wapi, anasoma au anafanya kazi gani, kibanja cha wazazi wake kiko mikononi mwa nani, na alipopatwa na shida mara ya mwisho alimwendea nani. Majibu ya maswali hayo yakiwa mema, alama za hojaji zitakuwa na maana. Yakiwa mabaya, alama nzuri zitakuwa zimesema habari za kikao na si za kijana.